Sufuria zinazoingiana kwa kambi ya watu wawili: tuzichague kwa chakula tunachopika, si kwa gramu peke yake

Mleta uzi (Morogoro)

Ndugu zangu, habari za wakati huu.

Vijana wengi wanaoanza kutembea milimani wamekuwa wakiulizia seti ndogo za kupikia, zile ambazo sufuria moja huingia ndani ya nyingine na jiko likaingia ndani ya zote mbili, na karibu kila anayewajibu huwaambia jambo moja: nunua sufuria za titaniamu, madini imara sana, kwa sababu ni nyepesi. Mimi na mke wangu tumekuwa tukibeba mizigo yetu wenyewe Uluguru, Usambara na Udzungwa kwa miaka 7 sasa, na katika muda huo tumepitia seti 3. Ushauri huo ni sahihi kwa wale walioutoa mwanzoni, ila haumfai mtu anayekusudia kula ugali au wali jioni baada ya kupanda kutwa nzima.

Wanaosifia titaniamu, kwa sehemu kubwa, hawapiki. Wanachemsha maji, wanayamimina kwenye mfuko wa chakula kilichokaushwa kiwandani, wanasubiri dakika 10, wanakula kwa kijiko chenye mpini mrefu. Kwa kazi hiyo sufuria nyembamba na ndefu kama kopo inatosha kabisa, na maji hayaungui. Sisi huku mfuko wa namna hiyo, ukiupata, bei yake inakaribia kulisha nyumba siku mbili. Tunabeba sembe, mchele, dagaa, dengu, vitunguu na nyanya chache. Sufuria yetu itasongewa, itakaangiwa na itapikiwa wali, na moto usiposambaa sawasawa chini ya sufuria, chakula kitaungua katikati kabla ya pembeni kuiva.

Hapo ndipo tofauti ya madini inapojitokeza. Alumini husambaza joto takriban mara kumi zaidi ya titaniamu. Jiko dogo linalokaa juu ya kopo lake la gesi hutoa moto kwenye duara lisilozidi upana wa kikombe cha chai, kwa hiyo kwenye titaniamu duara hilo hilo ndilo linalopata joto lote na sehemu nyingine ya kitako inabaki nyuma. Nimewahi kupika wali kwenye sufuria ya titaniamu niliyoazima kwa rafiki, juu kabisa ya Uluguru, na tulipoufunua tulikuta duara jeusi katikati, ukoko mgumu usiobanduka, na kuuzunguka mchele ambao kiini chake kilikuwa bado kigumu kama changarawe. Moto ulikuwa mdogo kadiri jiko lilivyoruhusu. Stenlesi nayo ina tatizo hilo hilo la joto, na juu yake ina uzito, ingawa kwa kudumu hakuna inayoishinda.

Sasa kuhusu hizo gramu. Titaniamu yenyewe ni nzito kuliko alumini: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya titaniamu ina gramu 4.5. Wepesi wake unatokana na kwamba ni imara kiasi cha kuweza kufuliwa nyembamba sana, chini ya nusu milimita. Sufuria yangu ya alumini yenye upana wa sentimita 16 na kina cha sentimita 10, ambayo ujazo wake ni lita 2, nimeipima kwenye mizani ya jikoni ikatoa gramu 210. Ile ya titaniamu ya ukubwa unaokaribiana ilikuwa gramu 150. Tofauti ni gramu 60, yaani uzito wa yai moja. Kwa yai moja sikubali kula wali mbichi.

Niseme jinsi ninavyoipanga, kwa sababu seti ya kuingiana isipopangwa vizuri inageuka kuwa furushi la makelele mgongoni. Sufuria kubwa ni hiyo ya lita 2. Ndani yake inaingia ndogo, upana sentimita 14 na kina sentimita 9, ambayo huchukua lita moja na robo hivi bila kumwagika. Kati ya hizo mbili naweka kitambaa cha pamba kilichokunjwa, na sababu si kelele peke yake: alumini ikisuguana na alumini hutoa unga wa kijivu ambao utaukuta kwenye chai yako. Ndani ya ndogo linakaa kopo la gesi la gramu 230, limepinduliwa kichwa chini, na kwenye ule mbonyeo wa kitako chake nalaza kichwa cha jiko kilichokunjwa ndani ya kifuko chake. Pembeni ya kopo kunabaki nafasi ya duara isiyofika vidole viwili, na humo nasimamisha kiberiti cha gesi, kipande cha sponji na kichupa cha chumvi. Bakuli mbili za plastiki ngumu zinaivaa sufuria kubwa kwa nje, kitako kwa kitako, kisha mfuko wa kamba unafunga vyote. Ukiutikisa hausikii kitu.

Tafadhali pima kopo kabla ya kununua seti. Kopo dogo la gramu 100 lina upana wa sentimita 9 na linaingia karibu popote. La gramu 230 lina upana wa sentimita 11, na kimo chake ni kati ya sentimita 9 na 10 kulingana na kiwanda, na hiyo sentimita moja ndiyo inayoamua kama kifuniko kitafunga au hakitafunga. Seti yangu ya pili niliinunua kwa kutazama picha. Kopo liliingia, kifuniko kikabaki kimekaa juu juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba, na safari nzima nililibeba kopo kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Ile ya kwanza kabisa ilinipa hasara kubwa zaidi. Ilikuwa na mikono ya kukunja iliyofungwa kwa riveti mbili ndogo na kufunikwa kwa silikoni, na muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja, alinihakikishia kwamba ni imara. Tulikuwa kambi ya pili kwenye njia ya Mwanihana, Udzungwa, giza limeshaingia, wali umeiva vizuri. Niliinyanyua kwa mkono mmoja ili niyamwage pembeni yale maji kidogo ya moto yaliyobaki. Riveti ya juu iling'oka, mkono ukazunguka, na sufuria ikapinduka yote. Nakumbuka mvuke ulivyopanda kwenye mwanga wa tochi na mke wangu akiwa amepiga magoti, anakusanya kwa kijiko ule wa juu ambao haukugusa majani. Maji hayo yangenifika miguuni tungekuwa na habari nyingine, maana kutoka pale hadi Mang'ula ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mzima asiye na jeraha.

Tangu siku hiyo situmii sufuria yenye mkono wa kukunja kwa kupikia chakula kizito. Natumia koleo. Na hapa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu: sufuria zetu za kawaida za sokoni, zile za alumini zisizo na mikono, zenye ukingo bapa uliotandazwa juu, zimekuwa zikiingiana tangu kabla hatujasikia habari za seti za kambi. Duka lolote la vyombo limezipanga hivyo, kumi ndani ya moja. Ule ukingo ndio mshikio wake, unaushika kwa kitambaa au kwa koleo, na hauna riveti ya kung'oka. Seti ninayotumia sasa nimeiunda mwenyewe kwa sufuria mbili za soko la Kingalu hapa Morogoro, kifuniko kimoja kinachofaa zote mbili, na koleo jepesi la alumini. Kwa jumla, pamoja na bakuli na kifuniko bila jiko, haifiki gramu 650.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu wa kuzidi wangu.

Mchangiaji (Moshi)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru. Mimi ni mpishi wa safari za mlimani, kazi ambayo nimeifanya Kilimanjaro kwa muda mrefu. Kwetu seti za watu wawili hazina nafasi, kwa kuwa tunapikia wageni na wagumu, yaani wapagazi wetu, kwa pamoja, na sufuria tunazopandisha ni zile kubwa, kila mgumu akiwa na mzigo usiozidi kilo 20 kwa mujibu wa kanuni. Kuni haziruhusiwi, kwa hiyo tunapika kwa gesi. Lakini kanuni ya kuingiana ni ile ile, na kuhusu kupanga naweza kuongeza mambo mawili.

La kwanza, msikubali sufuria mbili zikabane sana. Zikibanana na ndani mkiwa na unyevu, baridi ya usiku huzing'ang'aniza, na asubuhi mtahangaika kuzitenganisha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nafasi ya upana wa kidole kimoja pande zote inatosha. Na msizifungie zikiwa na maji: mkizifungua jioni zitakuwa na harufu, na alumini itakuwa imefanya madoa meusi.

La pili ni kuhusu ugali, ambalo nimeona hukuligusa. Jiko linalokaa juu ya kopo ni refu na miguu yake ni midogo. Mtu akiegemeza mwiko kusonga ugali wa watu wawili, nguvu yote inakwenda kwenye shingo ya kopo. Nimeshuhudia vijana wa matembezi binafsi wakiangusha kila kitu kwa namna hiyo. Unawashauri nini?

Mleta uzi

Mkuu, umeniwahi, na umegusa mahali penyewe. Nilitaka kulieleza kwa nafasi yake kwa sababu sijaona likielezwa popote, pengine kwa vile watu waliounda majiko haya hawasongi ugali.

Sisi tunafanya hivi. Maji lita moja kwenye sufuria kubwa, yafunikwe mpaka yachemke. Tunakoroga unga kidogo uliolowekwa kwenye maji baridi tupate uji mwepesi, tunauacha utokote dakika 3 au 4 moto ukiwa mdogo, na hapo ndipo kina cha sufuria kinapohitajika, kwa sababu uji unarusha na sufuria ya lita moja na nusu itamwaga juu ya jiko. Kisha tunazima, tunaishusha sufuria chini kwenye ardhi iliyosawazishwa, juu ya kile kitambaa kilichokuwa kinatenganisha sufuria. Mmoja anaibana kwa koleo na kuizuia kwa viatu viwili pande zote, kama mama zetu wanavyoibana kwa miguu kwenye mafiga, na mwingine anaongeza unga na kusonga. Uji wenyewe unahifadhi joto la kutosha kwa dakika hizo mbili za kusonga. Ukishashikana, tunaurudisha jikoni, moto mdogo kabisa, umefunikwa, dakika 3, tunaugeuza, dakika 2 nyingine. Ugali unaiva na harufu yake ndiyo ile ya nyumbani.

Mwenye uwezo anunue jiko la aina ya pili, lile ambalo kichwa chake kina miguu mitatu na kinakaa chini peke yake, na kopo linakaa pembeni kwa mpira. Ni zito kidogo zaidi, ila unaweza kusonga juu yake bila hofu, na faida nyingine ni kwamba unaweza kulizungushia kinga ya upepo. Lile linalokaa juu ya kopo ni hatari kulizungushia bati pande zote, kwa sababu joto linarudi kwenye kopo na kopo likipata moto sana linaweza kulipuka. Ukiweka kiganja kwenye kopo na ukashindwa kukiacha hapo, zima mara moja. Sufuria pana sana nayo huleta tatizo hilo hilo, ndiyo maana kwa jiko la namna hiyo sizidi upana wa sentimita 18.

Mchangiaji (Nairobi)

Nimefurahia maelezo haya, ndugu yetu wa Morogoro. Ningependa kuuliza jambo ambalo limenisumbua Mlima Kenya. Tulilala kambi ya Shipton's, ambayo iko mita 4,200, mimi na dada yangu, tukiwa na sufuria ya alumini nzuri tu yenye kifuniko. Wali ulichukua karibu dakika 40 na bado haukulainika, kamande (zile dengu ndogo bapa) nazo tulizitupa. Tulimaliza gesi nyingi. Je, kosa lilikuwa sufuria, ama ni mlima?

Mleta uzi

Ni mlima, ndugu yangu, sufuria msiilaumu. Kadiri unavyopanda, kila mita 300 hivi maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi 1. Kwa hesabu hiyo, Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi 86 badala ya 100, na ukiongeza moto hayazidi hapo, yanakauka haraka tu na gesi inakwisha. Saddle Hut ya Mlima Meru, mita 3,570, ni nyuzi 88. Kamande, maharage na githeri (makande) kwa joto hilo ni kujitesa. Wanaovipenda wavichemshe nyumbani mpaka viive, wavianike vikauke kabisa, kisha kule juu wavirudishie maji tu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ugali unaustahimili mlima kuliko wali. Wanga wa mahindi huvimba na kushikana kati ya nyuzi 62 na 72, kwa hiyo hata kwenye nyuzi 86 unaiva, unahitaji tu dakika kadhaa za ziada ili ile ladha ya ubichi iondoke. Wali ukitaka, uloweke saa moja kwenye sufuria ndogo wakati mnachemsha chai kwenye kubwa, na mweke jiwe safi juu ya kifuniko. Hilo jiwe haliongezi joto kwa kiasi cha kutajika, ila linazuia mvuke kuvuja, na gesi unaiona inavyodumu.

Kwa matumizi ya gesi, nimekuwa nikipima kopo kwenye mizani kabla na baada ya safari. Lita moja ya maji, kukiwa na kifuniko na hakuna upepo, inakula kati ya gramu 12 na 15. Chai asubuhi, chai jioni, ugali na mboga, watu wawili wanatumia gramu 50 hadi 60 kwa siku. Siku 3 zinataka kopo la gramu 230, na linabaki kidogo. Ndiyo sababu nasisitiza seti iwe na nafasi ya kopo hilo, si lile dogo.

Niongeze tahadhari moja kwa wanaotumia yale makopo marefu yanayouzwa kwenye maduka makubwa kwa majiko ya mezani. Mengi yana gesi ya butani tupu, na butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0. Asubuhi ya Saddle Hut utawasha utapata mwali wa mshumaa. Kwa baridi hiyo tafuteni kopo lenye mchanganyiko wa propani na isobutani, na usiku lilazeni ndani ya mfuko wa kulalia.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Shikamoo kaka. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba nitetee titaniamu. Mimi na mwenzangu tunatembea siku 4 Lushoto hadi Mtae, vijijini tunapopita chakula kinapatikana, na mchana tunakula kwa mama lishe. Tunachotaka jioni na asubuhi ni chai, uji wa ngano na tambi za kuloweka. Sufuria yetu ni moja ya lita 1.3, ndani yake kuna vikombe viwili, kopo dogo na jiko. Vyote ni gramu 400. Sijawahi kuunguza kitu.

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Kwa safari hiyo umechagua vizuri, na sina la kupinga. Unachemsha maji, basi chombo cha kuchemshia maji ndicho kinachokufaa, na chako hakitapata kutu. Nikuongezee pongezi kwa jambo moja ambalo sikulitaja: titaniamu hailiwi na chakula chenye uchachu. Alumini isiyo na tabaka la kinga, ukiiachia mchuzi wa nyanya au ukwaju usiku kucha, asubuhi mchuzi una ladha ya chuma na sufuria ina vishimo vidogo. Kwa kupika na kula papo hapo hakuna shida, tatizo ni kulaza kiporo. Zile alumini za kijivu cheusi, ambazo uso wake umefanyiwa kazi ya umeme kiwandani ukawa na tabaka gumu la oksidi, zinalivumilia hilo vizuri zaidi, na kama fedha ipo ningemshauri mtu anunue hizo.

Zile zenye rangi isiyogandisha chakula nazo zina utamu wake, hasa kwa mayai, ila zinataka ulinzi. Zikipita nyuzi 260 tabaka lake huanza kuharibika, na jiko dogo la gesi chini ya sufuria tupu hufika hapo mapema sana. Halafu ukizipanga ndani kwa ndani na jiko lenye miguu ya chuma, mikwaruzo haikwepeki. Seti yangu ya pili iliishia hivyo.

Mchangiaji (Sundsvall, Uswidi)

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga ninayeishi Uswidi, na mume wangu ni mtu wa hapa. Nchi hii ina chombo chake cha kambi ambacho karibu kila nyumba inacho, kinaitwa Trangia. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1925 katika kijiji cha Trångsviken, si mbali sana na kwetu, na lile jiko lao lenye kinga ya upepo lilitoka mwaka 1951. Nalitaja kwa sababu linaitimiza kanuni ya kuingiana kuliko seti yoyote niliyowahi kuishika: sufuria mbili, kikaango ambacho pia ni kifuniko, birika dogo, koleo, kichomeo cha spiriti na kinga ya upepo, vyote vinakuwa furushi moja la duara linalofungwa kwa mkanda. Sufuria hazina mikono, zinashikwa kwa koleo, sawasawa na alivyosema mleta uzi.

Kinga yake ni sehemu ya jiko lenyewe. Sufuria inazama ndani yake, haikai juu, kwa hiyo ugali unausonga bila chombo kuyumba. Nimeusonga kando ya ziwa, upepo ukivuma, mume wangu akiwa ameshika kinga tu kwa mguu.

Upungufu wake ni mbili. Ndogo yao, namba 27, ambayo inahesabiwa kuwa ya mtu mmoja au wawili, ina sufuria za lita 1 tu, na sisi walaji wa ugali hazitutoshi. Tulilazimika kununua namba 25, yenye sufuria za lita 1.75 na 1.5, ambayo uzito wake unapita kilo moja. Na spiriti ina nguvu pungufu sana ikilinganishwa na gesi kwa uzito ule ule, kwa hiyo kwa safari ya siku nyingi chupa inakuwa nzito. Masizi yanapungua ukiongeza maji kidogo kwenye spiriti, kama sehemu moja kwa kumi. Msiongeze spiriti wakati kichomeo bado kinawaka, hata kama mnaona kimezimika, maana mwali wake mchana hauonekani.

Mleta uzi

Dada yangu wa Tanga, ahsante sana. Hilo la mwali usioonekana kila mtu alishike. Nimeona chombo hicho mara moja tu kwa mgeni aliyepita hapa akielekea Udzungwa, na nilivutiwa sana na jinsi kinga ilivyotobolewa matundu upande mmoja wa chini ili uelekezwe kwenye upepo. Spiriti kwetu inapatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, jambo ambalo ni faida kubwa kwa mikoa ambayo kopo la gesi lenye uzi wa kufungia halipatikani. Pia anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba kopo la gesi haliruhusiwi kwenye mzigo wowote, kwa hiyo lazima awe na uhakika wa kulipata anakoshukia.

Na kwa kuwa umezungumzia kupika kwenye upepo, niombe jambo kwa wote: upepo na mvua visitufanye tuwashe jiko ndani ya hema lililofungwa. Moto wa gesi na wa spiriti hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hema la watu wawili ni dogo mno. Tupike nje, au kwenye ukumbi wa hema ukiwa wazi pande mbili.

Mchangiaji (Moshi)

Ndugu, swali langu la mwisho ni dogo. Mwiko unauweka wapi? Seti nzima imeingiana, na mwiko wa ugali hauingii kwenye sufuria ya sentimita 16.

Mleta uzi

Mkuu, nilihangaika nalo sana. Kijiko cha plastiki cha kambi kilivunjika kwenye ugali wa kwanza. Mwishowe nilichukua mwiko wa mninga, nikaukata mpini ukabaki na urefu wa sentimita 24, nikausugua msasa na kuupaka mafuta ya nazi. Hauingii kwenye sufuria, ni kweli. Unakaa nje, umelazwa kwenye mgongo wa bakuli, chini ya ile kamba ya mfuko, na koleo limelazwa upande wa pili ili uzito ulingane. Mpini huo mfupi unatosha kwa sababu tunasongea chini, ukiwa umeinama juu ya sufuria, na mkono uko karibu na ugali.